Transfoma kwa mizigo yenye harmoniki: ya kawaida iliyozidishwa ukubwa, ya daraja K, au ya zigizaga?

Transfoma ya kVA 100 inaweza kuonyesha mzigo wa asilimia 75 kwenye mita ya upande wa praimari (koili unakoingia umeme), breka ikiwa imetulia kabisa, huku koili zake zikitoa joto kupita kiwango zilichoundwa kukihimili. Mita haijakosea wala breka si mbovu. Tatizo liko kwenye umbo la mkondo. Kompyuta, chaja, taa za LED, UPS na draivu za mota hazivuti umeme kwa wimbi laini. Hunyakua vipande vifupi vya mkondo karibu na kilele cha volteji, na ukivichambua vipande hivyo unakuta kwamba juu ya mkondo wa msingi wa hezi 50 kuna mikondo mingine ya hezi 150, 250, 350 na kuendelea. Hizo ndizo harmoniki: ya 3, ya 5, ya 7.

Anayenunua transfoma kwa mizigo ya namna hii huletewa majibu matatu. Achukue ya kawaida iliyo kubwa kuliko mahitaji. Au achukue ya daraja K, iliyojengwa kuhimili joto la harmoniki, kama K-4, K-13 au K-20. Au achukue ile ambayo sekondari yake (koili ya kutolea umeme) imesukwa kwa zigizaga ili harmoniki zenyewe zipungue. Yote matatu hufanya kazi, ila kila moja linatibu ugonjwa wake. Pesa hupotea pale mwenye volteji iliyochafuka anapouziwa K-20, au mwenye draivu za mota tupu anapouziwa zigizaga ambayo haimsaidii chochote.

Ili ulinganisho usielee hewani, tupitishe mzigo mmoja kwenye transfoma zote tatu.

## Mzigo wa mfano

Paneli ya fezi tatu, volti 400/230, inalisha kompyuta na taa. Kila fezi imepimwa hivi wakati wa kilele: mkondo wa msingi ampia 100, harmoniki ya 3 ampia 60, ya 5 ampia 35, ya 7 ampia 18, ya 9 ampia 8, ya 11 ampia 5, ya 13 ampia 3.

Mikondo hii haijumlishwi moja kwa moja. Kila mmoja hupigwa kipeo cha pili, vikajumlishwa, kisha ikatolewa kipeuo cha pili. Jibu ni ampia 123.5 kwa kila fezi. Transfoma ya kVA 100 kwa volti 400 ina mkondo kamili wa ampia 144, kwa hiyo kwa macho tu mzigo huu ni asilimia 86, na wengi wangeishia hapo.

Joto halifuati hesabu hiyo. Ndani ya koili kuna hasara ya ukinzani wa waya, inayokua na kipeo cha pili cha mkondo, na kuna hasara ya mikondo ya eddi. Hii ya pili huzaliwa pale sumaku inayovuja kati ya koili mbili inapokata waya na kuzungusha mikondo midogo ndani ya shaba yenyewe. Hasara ya eddi hukua na kipeo cha pili cha mkondo na pia na kipeo cha pili cha namba ya harmoniki. Kwa hiyo ampia moja ya harmoniki ya 7 huzalisha joto la eddi mara 49 ya ampia moja ya mkondo wa msingi.

Kiwango cha IEEE C57.110 kinaikusanya athari hiyo kwenye namba moja, kigezo cha hasara za harmoniki: zidisha kipeo cha pili cha kila mkondo kwa kipeo cha pili cha namba yake, jumlisha, kisha gawa kwa jumla ya vipeo vya pili vya mikondo bila kuzidisha. Kwa mzigo wetu ni 98,631 gawa kwa 15,247, yaani 6.47. Hasara ya eddi ni mara 6.47 ya ile ambayo mkondo huohuo ungeleta kama ungekuwa wimbi laini.

Chukua sasa transfoma ya kawaida ya kVA 100 ambayo hasara yake ya eddi kwenye mzigo kamili ni asilimia 10 ya hasara ya ukinzani. Iliundwa kuhimili jumla ya 1.10. Kwa mzigo wetu wa asilimia 86 inabeba 0.7325 mara 1.647, yaani 1.206. Joto la koili limepita kiwango kwa karibu asilimia 10, na ampia bado ziko chini ya zile za kwenye kibati cha mtengenezaji.

Bado kuna nyutro, waya wa pamoja wa kurudisha mkondo wa fezi. Harmoniki za 3, 9 na 15 hutokea wakati mmoja kwenye fezi zote tatu, kwa hiyo kwenye nyutro hazifutani bali hujumlishwa. Hapa nyutro inabeba ampia 180 za harmoniki ya 3 na ampia 24 za ya 9, jumla ampia 182, hata fezi zikiwa zimesawazishwa vizuri kabisa. Kituo cha nyutro kilichoundwa kwa ampia 144 kitaungua kabla ya kitu kingine chochote, na mara nyingi hakina breka ya kukilinda.

Harmoniki hizo za mafungu ya 3 zikifika kwenye praimari ya delta (koili tatu zilizofungwa kama pembetatu) huzunguka ndani yake na hazitoki kwenye laini. Ndiyo maana mita ya praimari husoma pungufu: kwenye laini kuna asilimia 75 ya mzigo, ndani ya koili kuna asilimia 86. Breka ya praimari haiwezi kukata kwa mkondo isiouona.

## Ya kawaida iliyozidishwa ukubwa

Kwa kutumia kanuni ya C57.110, transfoma ya kawaida tuliyoitaja inaruhusiwa kubeba kipeuo cha pili cha 1.10 gawa kwa 1.647, yaani asilimia 82 ya mkondo wake. Hiyo ni ampia 118 kwa kVA 100. Mzigo wetu ni 123.5, kwa hiyo haitoshi. Ukipanda hatua moja hadi kVA 160, mkondo kamili ni ampia 231 na unaoruhusiwa ni 189. Mzigo unaingia vizuri, na nyutro ya ampia 182 nayo inaingia.

Njia hii hudharauliwa kuliko inavyostahili. Ina faida ambayo wauzaji wa transfoma maalumu hawaitaji: transfoma kubwa ina impidansi (kizuizi chake kwa mkondo unaobadilika) ndogo kwa ampia zilezile, kwa hiyo volteji hupotoka kidogo zaidi. Namba zake ziko kwenye jedwali hapa chini, na si mbaya hata kidogo.

Matatizo yake ni ya aina nyingine. Hesabu nzima inasimama juu ya asilimia ya hasara ya eddi, na namba hiyo haiandikwi kwenye kibati. Lazima itoke kwa mtengenezaji, kutoka kwenye ripoti ya majaribio. Ukikisia 5 na kumbe ni 15, jibu linabadilika kabisa, na kwa kawaida transfoma kubwa huwa na sehemu kubwa zaidi ya hasara ya eddi kuliko ndogo. Anayekisia hajui kama ana akiba au ana deni.

Tatizo la breka ndilo linalosahaulika zaidi. Ikiwa kikomo halisi ni ampia 189 na si 231, breka inapaswa kulinda 189. Lakini transfoma ya kVA 160 ikiwashwa huvuta mkondo mkubwa wa kuanzia, mara kadhaa ya mkondo wake kamili kwa mizunguko michache, na breka iliyopunguzwa hukata pale pale. Fundi anaipandisha breka ili iwake, na kuanzia hapo ulinzi wa kikomo kipya umekwisha.

Halafu kuna kibati kinachosema kVA 160. Miaka miwili baadaye mtu mwingine anafungua paneli, anaona mzigo wa ampia 124 kwenye transfoma ya 231, anaongeza chumba kizima cha seva. Kama umechagua njia hii, bandika kibao cha kudumu kwenye mlango wa transfoma chenye kikomo kipya na sababu yake. Bila kibao hicho, hesabu yako imeishi siku moja.

Ongeza hasara ya kiini cha chuma, ambayo transfoma kubwa huila usiku na mchana hata jengo likiwa tupu, na nguvu kubwa zaidi ya shoti kwenye paneli. Kwa impidansi ya asilimia 4, kVA 100 hutoa shoti ya takriban ampia 3,600. kVA 160 hutoa takriban 5,800. Breka ndogo za paneli zenye uwezo wa kukata ampia 4,500 ambazo zilitosha jana, leo hazitoshi.

## Ya daraja K

Hii imejengwa tangu mwanzo kwa hasara za eddi. Ukiifungua utaona tofauti. Badala ya waya mmoja mnene, koili ina nyuzi kadhaa nyembamba zilizohamiwa kila moja peke yake, zikienda sambamba na kubadilishana nafasi njiani ili kila uzi upitie sehemu yenye sumaku nyingi na sehemu yenye kidogo kwa kiasi sawa. Uzi mwembamba hauachi nafasi kwa mkondo wa eddi kuzunguka. Praimari ya delta imeongezewa shaba kwa ajili ya harmoniki zitakazonasa ndani yake. Kiini cha chuma hufanya kazi kwa msongamano mdogo wa sumaku ili volteji iliyopotoka isikijaze. Kituo cha nyutro kwa kawaida kina uwezo wa asilimia 200 ya fezi, yaani ampia 288 kwa kVA 100 yetu.

Nyingi zina pia ngao ya karatasi ya shaba kati ya praimari na sekondari, iliyounganishwa ardhini. Ngao hii huzuia kelele za kasi zinazoruka kati ya koili kama kwenye kapasita. Haizuii harmoniki. Usilipie ngao ukidhani umenunua kichujio.

Daraja lenyewe hufuata viwango vya UL 1561 na UL 1562: K-1 ni transfoma ya kawaida, kisha K-4, 9, 13, 20, 30, 40 na 50. K-4, K-13 na K-20 ndizo zinazotengenezwa kwa wingi. Hesabu ya K hutumia mkondo kamili wa transfoma kama kipimo, na hapo ndipo makosa huanza. Kigezo chetu cha 6.47 ni cha mzigo. K ya mzigo huohuo kwenye transfoma ya ampia 144 ni 6.47 mara kipeo cha pili cha 0.856, yaani 4.74. K-4 haitoshi, K-9 inatosha, K-13 inatosha na kubakiza. Kwenye transfoma ya ampia 231 mzigo uleule una K chini ya 2.

Ukikutana na nyaraka za Ulaya, angalia vizuri. Huko kuna kigezo kingine kinachoitwa pia K, na maana yake ni kinyume: ni namba ya kugawia uwezo wa transfoma ya kawaida. Kwa mzigo wetu, hasara ya eddi ikiwa 10 kwa 100 na koili zikiwa za waya wa mviringo, kigezo hicho ni 1.155, kwa hiyo kVA 100 inakuwa kVA 86.6, sawa na ampia 125. Njia ya Marekani ilitupa 118, hii inatupa 125, na mzigo ni 123.5. Jibu likikaa kwenye ukingo namna hiyo, lichukulie kuwa hapana; isitoshe, nyutro ya ampia 182 ilishakataa. Anayesoma K ya Ulaya ya 1.2 akaagiza K-4 ya Marekani hajalinganisha kitu.

Tabia ya kuagiza K-20 kwa usalama si usalama. Chanzo chake ni kupima kompyuta moja. Kompyuta moja ikipimwa kwenye plagi yake inaonyesha harmoniki za kutisha, lakini mia zikikutana kwenye paneli, harmoniki za juu hufika kwa nyakati zinazotofautiana kidogo na kufutana kwa sehemu. Kosa la pili ni kupima usiku: asilimia ya harmoniki ni kubwa kwa sababu mkondo wa msingi ni mdogo, ilhali ampia zenyewe hazitoshi kupasha joto chochote. Pima kwenye paneli, wakati wa kilele. Kwa ofisi, shule na vyumba vya mawasiliano ni nadra kuhitaji zaidi ya K-13.

Jambo la kukubali kuhusu daraja K ni kwamba linahimili tu. Harmoniki zinabaki kama zilivyo, delta inazungusha zilezile, na volteji ya sekondari inapotoka vilevile kama kwenye transfoma ya kawaida ya ukubwa huo.

## Ya zigizaga

Sekondari ya zigizaga ina nusu mbili kwa kila fezi, kila nusu imezungushwa kwenye mguu tofauti wa kiini na kwa mwelekeo wa kinyume. Mkondo wa msingi, kwa kuwa fezi zinaachana digrii 120, unaendelea kufanya kazi. Harmoniki ya 3, inayofanana kwenye fezi zote, inakuta kwenye kila mguu nusu mbili zikiivuta pande mbili kwa nguvu sawa, na sumaku yake inafutika papo hapo. Haifiki praimari, kwa hiyo hakuna kitu cha kuzunguka kwenye delta. Gharama ya mpangilio huu ni shaba: ili kupata volteji ileile zigizaga inahitaji mizunguko zaidi ya staa (sekondari ya kawaida, koili tatu zikikutana kwenye nyutro) kwa asilimia 15.5.

Matokeo makubwa ni impidansi ya nyutro, ile ambayo harmoniki za mafungu ya 3 hukutana nayo. Kwenye delta na staa ya kawaida inakaribia ile ya fezi, tuseme asilimia 4. Kwenye zigizaga iliyotengenezwa vizuri huwa chini ya 1. Tuchukue 0.8. Upotoshaji wa volteji kutoka harmoniki ya 3 ni 3 mara impidansi mara mkondo wake kama sehemu ya mkondo kamili: kwa staa, 3 × 4 × 0.416, yaani asilimia 5.0, kwa zigizaga asilimia 1.0. Viwango vya IEEE 519 na EN 50160 vinaweka kikomo cha 5 kwa harmoniki ya 3 kwenye volteji ndogo, na 8 kwa jumla ya zote, kikipimwa pale mtandao unapokukabidhi umeme. Staa yetu imefika ukingoni kabla hatujaongeza uchafu unaotoka kwenye mtandao wenyewe.

Volteji iliyopotoka kwa harmoniki ya 3 huwa na kilele kilichobanwa. Vifaa vya kompyuta hujaza kapasita zao kutoka kwenye kilele hicho, kwa hiyo kikibanwa, volteji ya ndani inashuka, kifaa kinavuta mkondo zaidi, na uwezo wake wa kuvumilia umeme unaopepesuka unapungua. Ikiwa malalamiko yako ni vifaa vinavyojizima kwa sababu zisizoeleweka, au UPS inayohamia betri mara kwa mara, hapa ndipo pa kuangalia, na daraja K halitagusa tatizo hilo.

Zigizaga ina faida ya pili ambayo hutumiwa mara chache. Ukiwa na paneli mbili zenye mizigo inayofanana, lisha moja kwa transfoma isiyo na mzunguko wa fezi (yaani isiyosogeza pembe ya wimbi kati ya praimari na sekondari) na nyingine kwa yenye digrii 30. Harmoniki za 5 na za 7 za paneli hizo zinakutana kwenye basi la juu (nondo za pamoja zinazolisha transfoma zote) zikiwa kinyume na kufutana. Kwa mzigo wetu, harmoniki kwenye laini ya praimari zingeshuka kutoka karibu asilimia 40 hadi karibu 6, zikibaki za 11 na 13. Zikiwa transfoma nne zilizoachana kwa digrii 15, hata hizo zinafutika. Sharti ni mizigo kulingana: kama moja inabeba nusu ya nyingine, nusu ya harmoniki ya 5 ya ile kubwa inabaki. Na ufutaji huo hutokea juu, kwenye basi la pamoja. Watu walio kwenye paneli yenyewe hawauoni.

Makosa ya ufungaji ni mawili. La kwanza ni kudhani zigizaga inapunguza mkondo wa nyutro kwenye kebo. Haipunguzi. Kati ya transfoma na paneli nyutro bado inabeba ampia 182, na kwa mujibu wa IEC 60364-5-52, harmoniki ya 3 ikizidi asilimia 45 ya mkondo wa fezi, kebo nzima hupimwa kwa mkondo wa nyutro. Kwa mzigo huu, nyaya zote nne za kebo zichaguliwe kwa ampia 182, transfoma iwe ya aina yoyote. Hivyo weka transfoma karibu na paneli. Kila mita ya kebo inaongeza impidansi na kurudisha sehemu ya kile ulicholipia.

La pili ni shoti. Impidansi ndogo ya nyutro inafanya shoti ya fezi moja kwenda nyutro kuwa kubwa kuliko shoti ya fezi tatu: 3 gawa kwa asilimia 8.8 ni mara 34 ya mkondo kamili, yaani takriban ampia 4,900, ilhali ya fezi tatu ni 3,600. Anayechagua breka kwa shoti ya fezi tatu pekee, kama ilivyozoeleka, ataweka breka isiyoweza kukata.

## Zikiwekwa pamoja

| | Kawaida kVA 160 | K-13 kVA 100 | Zigizaga kVA 100 |
|---|---|---|---|
| Mkondo unaoruhusiwa kwa mzigo huu | ampia 189 | ampia 144 | ampia 144 |
| Uwezo wa nyutro | ampia 231 | ampia 288 | ampia 288 |
| Upotoshaji wa volteji, harmoniki ya 3 | 3.1% | 5.0% | 1.0% |
| Upotoshaji wa volteji, jumla | 5.2% | 8.3% | 6.4% |
| Shoti ya fezi moja kwenda nyutro | ampia 5,800 | ampia 3,600 | ampia 4,900 |
| Harmoniki ya 3 ndani ya delta | inazunguka | inazunguka | haifiki |

Namba za volteji ni makadirio: zinachukua impidansi yote kuwa ya sumaku, mikondo ya harmoniki kubaki ileile, na mtandao wa juu kuwa safi. Transfoma yenye impidansi ndogo huruhusu vifaa kuvuta harmoniki zaidi kidogo, kwa hiyo safu ya kVA 160 imependelewa kiasi. Hata hivyo inaonyesha jambo la kweli: asilimia 4 ya impidansi ya fezi ndiyo inayozalisha upotoshaji wa harmoniki za 5 na 7, na zigizaga haiigusi. Zigizaga ya kVA 160 ingeshusha jumla hadi karibu 4.

## Upi kwa mzigo upi

Mizigo ya fezi moja kwa wingi, yaani kompyuta, taa za LED, seva, na ujenzi ni mpya: zigizaga, yenye nyutro ya asilimia 200. Shaba ya ziada inalipwa na joto lisilozalishwa kwenye delta na volteji iliyo safi zaidi. Ukiwa na paneli mbili au zaidi, agiza kwa jozi za digrii 0 na 30 tangu mwanzo. Kubadilisha baadaye ni kununua upya.

Jengo lililopo, transfoma inachemka, volteji ikipimwa iko ndani ya mipaka: K-13 ya ukubwa uleule. Nguvu ya shoti haibadiliki sana ikiwa impidansi ni ileile, breka na kebo za praimari zinabaki, na kazi inakwisha kwa siku moja. Hakikisha tu impidansi mpya, maana baadhi ya transfoma za daraja la juu la K huwa na impidansi ndogo kuliko unayoiondoa.

Draivu za mota za fezi tatu hazina nyutro wala harmoniki za mafungu ya 3. Zinaleta 5, 7, 11 na 13. Kufuta kwa zigizaga hakuna cha kufuta hapo. Draivu ya diodi 6 yenye riakta, ikiwa na harmoniki ya 5 ya asilimia 40, ya 7 ya 15, ya 11 ya 7 na ya 13 ya 4, ina kigezo cha karibu 5.9, kwa mzigo wa asilimia 80 ya transfoma, K ni 3.8, kwa hiyo K-4 inatosha. Kama unataka kuzipunguza, gawanya draivu kwenye transfoma mbili, moja delta na staa, nyingine delta na delta. Tofauti yao ya digrii 30 inafuta 5 na 7 kwa kiasi kikubwa.

Ya kawaida iliyozidishwa iko mahali pake pale transfoma tayari ipo stoo, mtengenezaji ametoa hasara ya eddi kwa maandishi, na breka za chini zimethibitishwa kwa shoti mpya. Sharti moja kati ya haya likikosekana, tafuta nyingine.

Jambo moja linaharibu chaguo lolote kati ya haya: kapasita za kurekebisha pawafakta zilizowekwa bila riakta (koili inayofungwa mfululizo nazo). Transfoma ya kVA 100 yenye asilimia 4 ina nguvu ya shoti ya kVA 2,500. Weka kapasita za kvar 50: 2,500 gawa kwa 50 ni 50, kipeuo chake cha pili ni 7.07, na umeunda mfumo wenye mlio (masafa unayoyakuza wenyewe) karibu kabisa na harmoniki ya 7 unayoizalisha. Kapasita zivimbe, fyuzi zikatike, na lawama iende kwa transfoma. Riakta ya asilimia 7, inayoweka mlio kwenye hezi 189, inatosha palipo na draivu. Palipo na harmoniki ya 3 nyingi tumia ya asilimia 14, yenye hezi 134, ili mlio ukae chini ya hezi 150.

## Kabla ya kutia saini

Pima upande wa sekondari, kwa kichambuzi kinachosoma kila harmoniki hadi ya 25 au zaidi, kwa wiki nzima, nyutro ikiwa na klampu yake. Klampu mita ya bei ndogo isiyosoma thamani halisi ya mkondo uliopotoka inaweza kusoma chini kwa robo na zaidi, na haitakuambia kwamba imekosea.

Kwa muuzaji, omba kwa maandishi: daraja K na kiwango kilichotumika kulithibitisha, hasara ya eddi, impidansi ya fezi na impidansi ya nyutro, kila moja kwa asilimia, uwezo wa nyutro, pembe ya mzunguko wa fezi, hasara ya kiini bila mzigo, na ongezeko la joto. Kwa transfoma kavu ya daraja la insulesheni la nyuzi 220, ongezeko la 150, 115 na 80 zote zinauzwa. Ile ya 115 inaweza kubeba takriban asilimia 15 zaidi ya kibati bila kupita joto la insulesheni, na ya 80 takriban 30. Akikupa K bila impidansi ya nyutro kwenye zigizaga, hajakupa namba inayoitofautisha na staa.

Baada ya kuiwasha, iache ibebe mzigo wa kawaida kwa saa kadhaa hadi joto litulie, kisha piga picha za joto kwenye vituo vyote vya sekondari, ukianza na nyutro. Kituo chenye joto kuliko wenzake wenye mkondo uleule kimelegea: zima, kaza kwa spana yenye kipimo kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji, rudia picha. Linganisha mkondo wa nyutro na ule uliopima awali. Kama umepanda baada ya kuweka zigizaga, usishtuke, kwa sababu impidansi ndogo inaruhusu harmoniki ya 3 kutiririka zaidi kidogo. Angalia tu kwamba kebo ya nyutro ilichaguliwa kwa mkondo huo mpya na si ule wa zamani.